Wapandao Magharibi, Washukao Alfajiri: Samaki wa Kilindi Mbele ya Mombasa

Mwambao wa Mombasa ni miongoni mwa sehemu za Afrika Mashariki ambako bahari kuu imesogea karibu mno na makazi ya watu. Ukingo wa bara, yaani sakafu ya bahari yenye kina kifupi inayoendelea kutoka nchi kavu kabla ya kuporomoka, ni mwembamba katika eneo hili, hivi kwamba nje ya mwamba unaokinga fuo za Likoni upande wa kusini, na zile za Nyali, Bamburi na Shanzu upande wa kaskazini, kina hufikia mita 200 baada ya kilomita chache tu, kisha sakafu huteremka hadi mita 500, mita 1,000 na hatimaye kupita mita 3,000 ndani ya maji ambayo Kenya ina haki ya kuyatumia na wajibu wa kuyalinda. Hali ni tofauti katika Ghuba ya Ungwana, karibu na midomo ya mito Tana na Sabaki, ambako ukingo huo hupanuka kwa makumi ya kilomita, na ndiyo sababu meli za kukokota nyavu za kamba zimefanya kazi huko kwa miaka mingi. Mbele ya Mombasa hakuna uwanda wa namna hiyo. Mvuvi wa Timbwani au wa Bamburi anayevuka mlango wa mwamba kwa mashua ya injini na kuelekea mashariki hachukui muda mrefu kabla ya kuelea juu ya maji ambayo sehemu zake za chini hazijapata kuguswa na mwanga wa jua.

Ndani ya maji hayo, kila jioni jua linapokaribia kuzama, samaki wadogo, ngisi, kamba wa kilindini na viumbe vidogo mno vinavyoelea na mkondo huanza kupanda kutoka kina cha mita 300 hadi 700 kuja kwenye mita 100 za juu, ambako hukaa usiku wakila, na kabla ya kupambazuka hushuka tena walikotoka. Wanasayansi huuita mwendo huu uhamaji wima wa kila siku, kwa maana kwamba viumbe hao hawaendi mbali kwa upana wa bahari, ila hupanda na kushuka katika eneo lile lile. Ukipimwa kwa uzito wa wanaohusika, ndio uhamaji mkubwa kuliko wote wa wanyama duniani, nao huupita kwa mbali ule wa nyumbu wa Serengeti na Maasai Mara unaovuta watazamaji kutoka kila pembe ya dunia. Inasikitisha kwamba jambo kubwa kiasi hiki, linalotokea karibu na fuo za mji wenye watu zaidi ya milioni moja, halitajwi katika mazungumzo ya kawaida ya mji huo, wala halijapewa nafasi inayolistahili katika vitabu vya shule vya nchi yenye bahari.

Mombasa iko nyuzi nne hivi kusini mwa ikweta, na kwa sababu hiyo urefu wa mchana na usiku haubadiliki sana mwaka mzima. Jua huzama wakati wowote kati ya saa kumi na mbili kupita kidogo na saa moja kasorobo, na giza hufuata upesi. Katika bahari za kaskazini ya mbali, kama zile za Norway, usiku wa kiangazi ni mfupi mno au haupo kabisa, na ratiba ya samaki wa kilindi huvurugika kwa majira mazima, lakini katika maji ya ikweta saa ya kupanda na saa ya kushuka hubaki karibu zile zile, iwe ni msimu wa kaskazi au wa kusi. Kinachowaongoza viumbe hao ni kiwango cha mwanga. Kila kundi hujaribu kukaa katika kiasi fulani cha mwangaza hafifu lilichokizoea, na kadiri jua linavyoteremka kiasi hicho cha mwangaza husogea juu, nao hukifuata. Ushahidi wa jambo hili umeonekana wakati wa kupatwa kwa jua, ambapo baadhi ya viumbe wa kilindi wamerekodiwa wakianza kupanda mchana, kisha kurudi chini jua lilipofunuka.

Ili kuelewa uzito wa safari hiyo ni lazima kuyatazama maji yenyewe. Wataalamu huyagawa kwa matabaka: la juu kabisa, kutoka usoni mwa bahari hadi mita 200, ni tabaka la mwanga, ambamo mimea midogo ieleayo hutumia jua kujitengenezea chakula, kati ya mita 200 na 1,000 ni tabaka la utusitusi, ambamo hubaki mwanga wa buluu tu, tena hafifu sana, usiotosha kuotesha mmea wowote lakini unaotosha kwa jicho lililoumbwa kwa kazi hiyo, na chini ya mita 1,000 jua halifiki kabisa. Joto nalo hupungua. Maji ya juu mbele ya Mombasa huwa na nyuzi 25 hadi 29 za Selsiasi kutegemea msimu, ilhali kwenye mita 500 hushuka hadi karibu nyuzi 10. Shinikizo la maji huongezeka kwa kiasi cha hewa yote ya angani kila baada ya mita 10, kwa hiyo samaki aliye kwenye mita 400 hubanwa mara 41, na akifika mita 10 kutoka juu hubanwa mara mbili tu. Samaki mwenye kibofu cha hewa, yaani mfuko wa gesi ndani ya mwili unaomsaidia kuelea bila kuchoka, angekuta gesi hiyo imetanuka mara ishirini kama asingekuwa na njia ya kuipunguza. Ndiyo maana wengi wa wasafiri hawa hupoteza gesi ya kibofu wanapokomaa na badala yake hujaza mafuta mepesi, ambayo hayatanuki wala kusinyaa kwa kiasi cha kuwadhuru.

Umbali nao si mdogo. Samaki wa sentimita tano anayepanda mita 400 kwa muda wa saa mbili huenda urefu wa mwili wake mara 8,000, kisha hurudia idadi hiyo kabla ya macheo, naye hufanya hivyo siku zote za maisha yake.

Ujuzi wa mambo haya ulikuja kwa vipande. Mwaka 1817 mwanasayansi wa Kifaransa Georges Cuvier aliandika kwamba viumbe wadogo wa maji baridi hupanda na kushuka kulingana na saa za siku, lakini ukubwa wa jambo hilo baharini ulifichuka wakati wa Vita Vikuu vya Pili, kwa njia ambayo haikuhusiana na samaki hata kidogo. Mwaka 1942, wataalamu wa Marekani waliokuwa wakijaribu mitambo ya kugundua nyambizi kwa mwangwi wa sauti karibu na San Diego walikuta tabaka kati ya bahari, kwenye kina cha mita 300 na zaidi, lililorudisha sauti kana kwamba ni sakafu, ingawa sakafu yenyewe ilikuwa chini zaidi. Mwaka 1945 Martin Johnson, mtaalamu wa viumbe wa bahari, alionyesha kwamba tabaka hilo lilipanda usiku na kushuka mchana, na kitu chenye tabia hiyo hakiwezi kuwa mwamba wala badiliko la joto. Lazima kiwe na uhai. Tangu hapo huitwa tabaka la mtawanyo wa sauti, na meli yoyote yenye kipima-kina cha mwangwi ikisimama usiku kucha nje ya Mombasa inaweza kuliona kwenye kioo chake likipanda jioni na kushuka alfajiri.

Bahari ya upande huu wa dunia ilikuwa imekwisha kufikiwa na watafiti wa kilindi kabla ya vita hivyo. Mnamo Septemba 1933 meli ya Misri iitwayo Mabahiss iliondoka Aleksandria ikiwa na wanasayansi wa Kiingereza na wa Kimisri, wakiongozwa na Seymour Sewell, na miongoni mwao alikuwamo daktari Hussein Faouzi, ambaye baadaye alikuwa mwandishi mashuhuri wa Kiarabu. Safari hiyo, ijulikanayo kama safari ya John Murray, ilizunguka Bahari ya Arabu na magharibi mwa Bahari ya Hindi hadi Mei 1934, ikapita Mombasa na Zanzibar, na nyavu zake za kina zilileta juu samaki ambao J. R. Norman wa jumba la makumbusho la London aliwaeleza katika ripoti iliyochapwa mwaka 1939. Nyavu za wakati huo zilikuwa na kasoro moja kubwa: zilibaki wazi wakati wa kushushwa na wa kupandishwa, kwa hiyo mtafiti aliyemkuta samaki wavuni hakuweza kusema kwa uhakika kama alinaswa kwenye mita 800 au alikutwa njiani kwenye mita 150. Nyavu zinazofunguka na kufungwa kwa kina kilichopangwa, zilizokuja baadaye, ndizo zilizowezesha kuchora ramani ya nani anaishi wapi na saa ngapi.

Kundi linalostahili kutajwa kwanza ni samaki-taa, ukoo wenye spishi zipatazo 250 duniani kote, wengi wao wenye urefu usiozidi kidole cha mkono, macho makubwa, magamba yanayopukutika kirahisi, na mistari ya vidoa vinavyotoa mwanga ubavuni na tumboni. Mwanga huo hutokana na mmenyuko wa kemikali ndani ya mwili, usiotoa joto la kuhisika. Kazi yake ya kwanza ni kujificha. Adui aliye chini akitazama juu huona kivuli cha samaki dhidi ya buluu hafifu itokayo angani, na samaki-taa hukifuta kivuli hicho kwa kuwasha tumbo lake kwa kiwango kilekile cha mwanga unaotoka juu. Mpangilio wa vidoa hutofautiana kwa kila spishi, na inaaminika kwamba samaki wenyewe huutumia kutambuana gizani. Wataalamu huutumia pia, maana bila kuhesabu vidoa hivyo ni vigumu kutenganisha spishi mbili za ukoo huu. Katika spishi nyingi dume na jike hutofautiana kwa tezi za mwanga zilizo karibu na mkia.

Samaki-taa ndio wasafiri wakubwa, lakini kwa kuhesabu vichwa wanazidiwa na samaki mwingine asiyesafiri kabisa. Huyo ni saiklothoni, samaki mwembamba wa sentimita tatu hadi saba, mwenye mdomo mpana uliojaa meno madogo mithili ya nywele, ambaye hukaa usiku na mchana kati ya mita 300 na 1,000 au zaidi akingoja chakula kinachoshuka au kinachopita. Inakubalika kwamba jenasi hii ndiyo yenye idadi kubwa zaidi ya wanyama wenye uti wa mgongo duniani, kuliko kuku wote waliofugwa na kuliko panya wote wa mijini. Spishi zake zimegawana kina: walio juu huwa wamepauka, karibu kuonekana mwili mpaka ndani, na walio chini huwa weusi, kwa kuwa mahali pasipo na mwanga wa jua adui wa kuogopwa ni mwanga wa viumbe wengine, na ngozi nyeusi haiurudishi.

Pamoja nao wapo samaki-shoka, bapa na wa rangi ya fedha, ambao baadhi yao wana macho yaliyoelekea juu daima. Wapo samaki wa ukoo wa stomia, wawindaji wenye meno marefu yasiyoenea mdomoni, wanaowafuata samaki-taa kila wapandapo. Na chini zaidi wapo samaki-mvuvi, ambao jike huning'iniza kipande cha nyama chenye mwanga mbele ya kinywa na hana haja ya kwenda popote. Mmoja wa stomia, aitwaye malakosteo, hutoa mwanga mwekundu na kuuona, uwezo ambao viumbe wengi wa kilindi hawana, kwa hiyo anaweza kumulika windo bila windo kujua kwamba limemulikwa. Kwenye sakafu ya mteremko, wakiwa na mikia mirefu iliyochongoka, huishi samaki wa ukoo wa makruri, waokotao mizoga na kula wadudu wa tope. Mkusanyiko huu wote, kwa uwiano wa spishi zake na kazi ya kila mmoja, ndio wanaikolojia huuita jumuiya, na jumuiya ya saa sita mchana kwenye mita 50 si ile ya saa sita usiku kwenye mita hizo hizo, ingawa mahali ni pale pale.

Ni kosa kudhani kwamba wote wahamao huhama kila siku. Katika spishi moja wapo wapandao na wabakiao, jinsi ambavyo feri ya Likoni hujaa asubuhi na jioni na bado mtaa wa Likoni haubaki mtupu, kwa kuwa wapo walioshiba, wagonjwa, wachanga na wenye shughuli za palepale. Samaki aliyekula vya kutosha jana huweza kubaki chini leo, apumzike katika maji ya baridi ambamo mwili hutumia nguvu kidogo. Samaki-taa wachanga, wakiwa bado lava, huishi katika mita 100 za juu mchana na usiku, na hushuka kilindini wanapobadilika umbo. Wazee wa baadhi ya spishi, kwa upande wao, hupunguza safari na hatimaye huacha kupanda.

Sababu ya tabia hii, kwa maoni ya wengi walioichunguza, ni mvutano kati ya njaa na hofu. Chakula kiko juu, ambako mimea midogo huota na kopepodi, viumbe wa maji wadogo kuliko punje ya mchele, huila. Lakini juu mchana kuna jodari, nguru, pomboo na ndege, wote wawindao kwa macho. Samaki wa sentimita tano akipanda mchana huliwa, akibaki chini daima hukonda. Usiku huondoa macho ya adui, au walau huyapunguza makali, na hapo ndipo mlo hupatikana kwa hatari inayovumilika.

Mwezi huingilia mpango huo. Usiku wa mbalamwezi makundi mengi husimama chini zaidi ya kawaida, na usiku wa giza huja karibu kabisa na uso wa maji. Wavuvi wa dagaa wa Unguja na Pemba, watokao na taa siku za giza na kupumzika siku za mbalamwezi, wameijenga kazi yao yote juu ya hesabu hii pamoja na nyingine, kwamba taa huvuta samaki vizuri pasipo mwanga wa kushindana nayo. Wakenya wa bara wanaijua sura nyingine ya jambo hilo hilo katika Ziwa Victoria, ambako omena hukaa karibu na sakafu mchana na kupanda usiku, na katika Ziwa Tanganyika dagaa wa Kigoma hufanya vivyo hivyo katika maji yenye kina kirefu zaidi. Ujuzi huu wa wavuvi ni elimu kamili, iliyopatikana kwa kutazama kwa karne nyingi, na watafiti waliouchukulia kwa uzito wamefaidika nao.

Uvuvi wa jodari ndipo mahali ambapo safari hii ya wima hugusa mfuko wa mtu waziwazi. Jodari wa macho makubwa hushuka mchana hadi mita 300 na mara nyingine 500 akiwafuata ngisi na samaki-taa, na usiku huwa karibu na juu pamoja nao. Samaki wa jamii ya nduaro mwenye pua ndefu bapa hufanya hivyo pia. Kwa sababu hiyo meli za kutega kamba ndefu zenye maelfu ya ndoana hutega kina kirefu mchana zinapomtaka jodari huyo, na hutega karibu na uso wa maji usiku, zikiwa na vijiti vya mwanga juu ya ndoana, zinapomtaka yule wa pua bapa. Nahodha asiyejua chakula cha samaki wake kiko wapi saa ile hupoteza mafuta bure. Mtu wa Changamwe au wa Kisauni anayenunua kipande cha jodari sokoni hununua, bila kuambiwa, nyama iliyojengwa kwa sehemu na samaki-taa ambao hatawaona maishani.

Wingi wa samaki wa kilindi hautoshani kila mahali. Mkondo wa Pwani ya Afrika Mashariki, unaopita mbele ya Mombasa kuelekea kaskazini mwaka mzima, una maji ya vuguvugu yenye virutubisho haba. Wakati wa kaskazi hukutana na mkondo wa Somalia utokao kaskazini, na mikondo yote miwili hugeuka kuelekea mashariki, nje ya pwani ya kaskazini ya Kenya, ambako uzalishaji huwa mkubwa zaidi. Mbali zaidi kaskazini, katika Bahari ya Arabu na Ghuba ya Oman, pepo za msimu huinua maji ya chini yenye rutuba, na matokeo yake ni jumuiya ya samaki-taa isiyo na mfano. Meli ya utafiti Dr. Fridtjof Nansen, iliyoanza kazi katika bahari hiyo mwaka 1975 na ambayo miaka ya mwanzo ya 1980 ilipima pia maji ya Kenya, ilipitisha vipima-mwangwi vyake huko, na ripoti iliyotolewa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa mwaka 1980 ilikadiria kwamba kaskazini mwa Bahari ya Arabu peke yake kulikuwa na tani zipatazo milioni 100 za samaki wa tabaka la utusitusi.

Mtawala wa maji hayo ni samaki-taa mmoja, Benthosema pterotum, wa sentimita tano hivi, anayeishi takribani mwaka mmoja tu. Mambo yake yanashangaza, kwa sababu mchana hushukia tabaka ambalo oksijeni karibu haipo. Kati ya mita 150 na 1,200 hivi maji ya Bahari ya Arabu yamenyonywa oksijeni na bakteria waozeshao mabaki ya viumbe, kiasi kwamba wanasayansi wa Mabahiss walikuta sehemu za mteremko upande wa Arabuni hazina mnyama yeyote. Benthosema hujificha humo mchana, ambamo wawindaji wengi hawawezi kumfuata, naye hupanda usiku kula na kupumua. Waswahili wanaoishi Maskati hukaa basi kando ya mojawapo ya malundo makubwa ya samaki duniani, na hata hivyo samaki huyo hafiki sokoni: ni mdogo, ana mafuta mengi, na huharibika upesi, kwa hiyo Iran, iliyojaribu kumvua katika Ghuba ya Oman, ilimlenga kwa ajili ya unga wa samaki.

Makadirio ya dunia nzima yamezua mjadala mkubwa. Ripoti ile ya 1980 ilisema tani milioni 1,000, ikitegemea zaidi nyavu. Lakini baada ya meli ya Hispania ya safari ya Malaspina kuzunguka dunia mwaka 2010 na 2011 ikipima kwa sauti, makala iliyochapwa mwaka 2014 ilipendekeza kwamba kiasi hicho huenda kikawa mara kumi, yaani tani milioni 10,000 au zaidi. Sababu mojawapo ni kwamba samaki hawa huuhisi wavu na kuukimbia. Wengine wametahadharisha kwamba mwangwi nao hudanganya, kwa kuwa jamaa wa kiwavi-bahari aitwaye sifonofora hubeba kijipovu cha gesi kinachorudisha sauti kama samaki mzima, na mtu asiyejua ni asilimia ngapi ya mwangwi ni povu hilo atahesabu samaki wasiokuwapo. Tofauti kubwa namna hii kati ya watu makini yapaswa kumfanya yeyote mwenye mipango ya kuvuna kilindi asubiri.

Kwa Mombasa jambo lenye uzito wa pekee ni mteremko. Katika visiwa vya Hawaii, ambako kilindi kiko karibu na pwani vilevile, imegundulika kwamba mahali ambapo tabaka la utusitusi hugusana na mteremko wa nchi kuna jumuiya yake yenyewe, yenye spishi zisizopatikana sana baharini wazi, na kwamba usiku haipandi tu bali pia husogea kilomita kadhaa kuelekea ufukoni, hadi kwenye maji yenye kina cha makumi ya mita, kisha hurudi nje kabla ya asubuhi. Mwambao wenye ukingo mwembamba kama wa Likoni na Kisauni una umbo linalofaa kabisa kwa mwendo wa namna hiyo, na kama upo, basi chakula cha kilindi huletwa kila usiku karibu na mwamba ambao Hifadhi ya Bahari ya Mombasa iliundwa mwaka 1986 kuulinda.

Mteremko huo huo una mkazi aendaye kinyume. Mnamo Aprili 2001 meli ya kukokota nyavu ilinasa karibu na Malindi samaki wa silakanthi, wa kwanza kuthibitishwa katika maji ya Kenya, ambaye alihifadhiwa na Makavazi ya Taifa. Ni wa ukoo uliodhaniwa umetoweka pamoja na dinosaria mpaka mwaka 1938, Marjorie Courtenay-Latimer alipomkuta mmoja kati ya samaki waliovuliwa East London, Afrika Kusini. Tangu 2003 wengine wengi wamenaswa na majarife ya papa huko Tanga. Mwaka 1987 Hans Fricke, kwa kutumia nyambizi ndogo, alimtazama silakanthi akiwa hai katika maji ya Komoro, na ikajulikana kwamba mchana hulala katika mapango ya kwenye mita 200 hivi, na usiku huteremka, hadi mita 500, kutafuta samaki wa sakafuni. Wakati mamilioni ya samaki-taa wanapanda mbele yake, yeye anashuka, na jarife lililotegwa mahali wanapopishana ndilo linalomuua.

Faida ya safari ya kila siku haiishii katika chakula. Samaki akila juu usiku hubeba tumboni kaboni ambayo mimea midogo iliitoa hewani, na akiwa chini mchana huipumua na kuinya katika maji ambayo hayatafika juu kwa miaka mingi, kwa hiyo uhamaji huu ni mojawapo ya njia ambazo bahari huipunguzia anga gesi inayoongeza joto la dunia. Mvuvi akiwatoa samaki-taa kwa wingi huipunguza njia hiyo na wakati huo huo huondoa mlo wa jodari; unga wa kulishia kuku au samaki wa kufugwa utakaopatikana lazima uhesabiwe pamoja na hasara hizo mbili.

Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1979 na yenye makao yake Mkomani, upande wa bara ya kaskazini, inayo meli Mtafiti, ambayo zamani ilikuwa meli ya utafiti ya Ubelgiji iitwayo Zeeleeuw. Swali la jumuiya ya mteremko wa Mombasa linaweza kujibiwa kwa kazi iliyo wazi: kituo kimoja nje ya Likoni na kingine nje ya Bamburi, nyavu za kufungwa kwa kina kilichopangwa zikishushwa saa sita mchana na saa sita usiku, kwa usiku wa giza na wa mbalamwezi, katika kaskazi na katika kusi, na mwangwi ukirekodiwa muda wote. Vijiwe vya sikio vya samaki watakaopatikana, ambavyo hujiongezea pete moja kila siku, vitaonyesha umri wao na kasi ya kukua, na matumbo ya jodari wanaoteremshwa na mashua za pwani yataonyesha ni spishi zipi kati ya hizo huliwa zaidi, na kwa hiyo ni zipi zisizopaswa kuvunwa kabla idadi yake haijajulikana.